PICHA YA MWEZI: Mzee Kimber na njuga zake

 

Mwezi huu tunaye William Kimber, Mwingereza aliyezaliwa 1872. Alikuwa mwashi wa matofali wa Headington Quarry, karibu na Oxford. Kwenye picha zake utamwona na nguo nyeupe, njuga zimefungwa chini ya magoti, na mkononi konsatina, yaani ndugu mdogo wa kodiani. Alicheza na kupiga pia. Ngoma yao inaitwa morris: wanaume wanaruka na leso mikononi, au wanagonganisha fimbo. Baba yake pia alikuwa mchezaji.

Watoto walipoona picha darasani waliangua kicheko. Mzungu na njuga! Tukawaacha wacheke kwanza, ndipo tukawasimulia.

Ngoma ile ilikuwa imelala tangu 1887, ikaamshwa 1899. Mwaka huohuo, siku ya pili ya Krismasi, theluji ilikuwa imefunika ardhi, uashi umesimama. Kimber na wenzake wakaenda kucheza mbele ya nyumba moja pale Headington, wapate chochote. Desturi ilikuwa kucheza wakati wa Pentekoste, kwa hiyo wakaomba radhi: kazi hakuna, tunatafuta riziki. Hapo watoto wakanyamaza kabisa. Wapo ambao baba zao ni mafundi, na mikono imekaa bure miaka.

Ndani ya nyumba ile alikuwemo mgeni, mwalimu wa muziki, Cecil Sharp. Akamwomba Kimber arudi kesho yake na konsatina, akaandika tuni zake kwenye karatasi. Baadaye sifa nyingi zilimwendea huyo Sharp. Sisi tunaona mwashi alipunjwa kidogo, maana ngoma ilikuwa kichwani mwake yeye.

Lakini hakuficha alichojua. Mwaka 1905 alikwenda London pamoja na binamu yake, wakafundisha wasichana washona nguo, na wasichana wale wakaenda kufundisha wengine. Kumbe ngoma ya wanaume ikabebwa na mabinti!

Mzee Kimber alifariki 26 Desemba 1961. Tarehe ileile ya theluji, miaka 62 kamili.

Haya, mwezi ujao tunapita nyumba kwa nyumba na daftari. Mwenye bibi au babu anayejua ngoma ya kwao atuambie mapema. Na asitafutiwe nguo nzuri, tutamkuta hivyohivyo alivyo.