Refa Akimeza Filimbi, Hiyo Pia Ni Kuamua Gemu

Kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Refa hafai kuamua gemu." Kila mwaka, vyuo vya Marekani vikifika ule mtoano wa vikapu wa Machi na Aprili, inarudi. Gemu imebakisha sekunde chache, filimbi inalia, na wasee wanaanza: waache vijana wacheze, huwezi itisha kitu kama hicho wakati kama huo. Ati wakati kama huo. Kwani sheria iko na saa ya kulala?

Wacha nianze na Iowa dhidi ya UConn, kwa sababu hiyo ndiyo wengi wenu mliona. Aprili 5, 2024, nusu fainali ya wanawake, Cleveland. Huku ilikuwa Jumamosi alfajiri, saa kumi na nusu hivi, na bado watu waliamka kwa sababu ya Caitlin Clark. UConn wako nyuma 70-69, mpira ni wao, zimebaki sekunde 3.9. Aaliyah Edwards anaenda kumwekea Paige Bueckers skrini. Kwa wale hawachezi: unasimama kama ukuta, mlinzi anagonga hapo, mwenzako anapata nafasi ya kurusha. Shida ni moja tu. Ukuta hautembei. Edwards alikuwa bado anasogea wakati Gabbie Marshall alimfikia. Filimbi. Faulo ya mshambulizi, mpira kwa Iowa, na gemu ikaisha 71-69.

Mtandao uliwaka moto. LeBron James mwenyewe aliandika kwamba hakubaliani na ile filimbi. Sawa, ni LeBron, namheshimu. Lakini kati ya wale wote waliopiga kelele usiku huo, niliona wachache sana wakisema hakusogea. Wengi walisema alisogea kidogo, lakini si kwa sekunde ya mwisho. Hapo ndipo mnanipoteza.

Geno Auriemma, kocha wa UConn, alisema baadaye kwamba skrini haramu unaweza kuitisha karibu kila shambulizi. Nakubali kabisa. Lakini angalia hiyo hoja inaenda wapi. Kama zilikuwa zinapita mchana kweupe gemu yote, basi lawama ni ya filimbi ambazo hazikulia kuanzia robo ya kwanza. Wachezaji walifundishwa kwamba hii kitu inapita. Hapo refa ako na makosa, na ningependa kuona watu wakimkasirikia kwa sababu hiyo. Lakini huwezi tibu uzembe wa dakika 39 kwa kuongeza dakika ya 40. Hata Bueckers, ambaye ndiye alikuwa anatengenezewa ile nafasi, alisema baadaye kwamba gemu haiamuliwi na mchezo mmoja. UConn walikuwa mbele 32-26 mapumzikoni. Hizo pointi hazikuchukuliwa na refa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina mtihani wa kuogopa sai, lakini nyinyi mnaofanya niambieni. Msimamizi akikushika na mwakenya dakika mbili kabla ya karatasi kukusanywa, utamwambia nini? Kwamba angekushika saa ya kwanza ama anyamaze? Jaribu uone.

Hii fikra najua inatoka wapi. Inatoka kortini mtaani. Pale kwetu faulo anaitisha aliyeguswa, na gemu yote watu wanaheshimiana vizuri tu. Ikifika pointi ya mwisho, hakuna faulo tena. Unaweza kung'olewa mkono na uambiwe "cheza bro, wacha kulia." Na kila saa anayefaidika ni nani? Si yule mwenye kipaji. Ni yule mkubwa mwenye viwiko. Kunyamaza hakujawahi kuwa katikati. Kuko na upande, na ni upande wa anayevunja sheria.

Mwenye hajaamini arudi 2019. Aprili 6, Minneapolis, Virginia dhidi ya Auburn. Auburn hawakuwa wamewahi kufika nusu fainali ya taifa katika historia yao. Walikuwa nyuma kwa pointi 10 dakika za mwisho, wakarudi, wakapita, na sasa wanaongoza 62-60. Ty Jerome wa Virginia anapandisha mpira mbio, mpira unagonga mguu wake kwa nyuma, anaushika na mikono miwili, halafu anaanza kuudunda tena. Hiyo ni kudunda mara mbili, kitu mtoto wa darasa la sita anakijua. Mpira ulifaa kuwa wa Auburn. Filimbi kimya. Marefa watatu, kimya.

Mchezo ukaendelea. Auburn wakafanya faulo ya makusudi ya kupoteza muda, kwa sababu walikuwa bado wako na faulo za kutumia bila kupeana mitupo. Zikabaki sekunde 1.5. Mpira ukarushwa ndani, Kyle Guy akaruka kwa kona kurusha wa pointi tatu, na Samir Doughty akaingia pale ambapo Guy alikuwa anashukia. Filimbi, sekunde 0.6 kwa saa. Guy akapewa mitupo mitatu. Wa kwanza ndani, wa pili ndani, Auburn wakaitisha mapumziko kumtesa kichwa, akarudi akaingiza wa tatu. 63-62. Siku mbili baadaye Virginia wakawa mabingwa.

Sasa kumbuka watu walilia wapi kwanza. Walilia ile faulo ya Guy! Filimbi ambayo ilikuwa sahihi: mrushaji akiwa hewani, pahali pake pa kutua ni pake. Uamuzi ulioumiza Auburn ni ule ambao haukusikika. Mlipewa kile mnaomba kila mwaka, refa aliyewaacha vijana wacheze, na timu ikakosa nafasi yake ya fainali.

Na hasira ya namna hii haiishii kwa memu. Mwaka wa 2017 Kentucky walipoteza 75-73 kwa North Carolina, na mashabiki wakamwandama refa John Higgins hadi kwa biashara yake ya kutengeneza paa huko Nebraska. Simu maelfu, maoni feki ya wateja ambao hajawahi kuwaona, mpaka jambo likafika kortini. Mtu anaezekea watu nyumba, na msee wa jimbo lingine anampa nyota moja kwa sababu ya faulo. Tukiwa wakweli, hata huku wengi wanaotukana refa wa Marekani alfajiri hawana chuo wanachopenda. Wako na beti.

Kama unataka kukasirika, kuna kitu cha maana cha kukasirikia. Usiku ule wa Auburn, marefa walikuwa na ruhusa ya kwenda kwa runinga kuangalia saa, ama kama mguu ulikanyaga mstari wa pointi tatu. Kudunda mara mbili haikuwa kwa orodha. Yaani mtu aliye kwa kochi Umoja angeweza kurudisha video na kuona, lakini mwenye filimbi haruhusiwi. Wekeni hiyo kwa orodha ya dakika mbili za mwisho, hata kama kila kocha atapewa nafasi moja tu ya kuomba. Saa ilikuwa imesimama pale kwenye faulo ya sekunde 1.5. Wangeangalia hapo, na Auburn wangetoka na mpira, wakiwa mbele kwa pointi mbili.