Mzigo Haumwondolei Dereva Usingizi

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya ajali za malori, hakosi kutokea mtu wa kudai kwamba mazao ya shamba hayangoji, na kwa hiyo anayeyasafirisha asibanwe na saa. Dai hili si geni. Huko Marekani lilikwisha kuwa sheria.

Kwa kawaida dereva wa lori la biashara wa huko huruhusiwa kuendesha saa 11 tu, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Lakini mwaka wa 1995 Bunge lao liliwaondolea kikomo hicho wabebao mazao na pembejeo katika misimu ya kupanda na kuvuna, mradi wasivuke maili 100 kutoka chimbuko la mzigo. Mwaka wa 2012 maili hizo ziliongezwa zikawa 150 za anga, yaani kilomita 277 hivi. Mwaka wa 2021 wasafirishao mifugo wakapewa nafasi kama hiyo karibu na mwisho wa safari pia.

Siwalaumu wakulima wa huko. Maziwa huchacha, na ng'ombe aliyefungiwa ndani ya lori juani hajui ratiba. Ninalolikataa ni kutafuta dawa ya mali kuharibika katika usingizi wa mtu. Je, kope za dereva huwa nyepesi kwa kuwa amebeba kabichi?

Sheria yetu ya Trafiki husema dereva wa gari la biashara asizidi saa 8 usukanini katika muda wa saa 24. Hata hivyo, tuitazame barabara ya Maua hadi Nairobi. Miraa hushuka bei kadiri inavyokauka, na mwendo wa magari yake kila mwalimu wa Meru anaujua. (Wanafunzi na wachukue ramani wapime wenyewe.) Kwa mstari ulionyooka, umbali huo haufiki kilomita 277. Tukiwaiga Wamarekani, dereva angeweza kwenda, kurudi, na kwenda tena, na hata saa moja isihesabiwe!

Kama haraka ya mzigo ni ya kweli, mwenye mali na aajiri madereva wawili wapokezane usukani, awalipe mishahara miwili. Gharama hiyo ndiyo inayokwepwa kwa jina la mkulima, ambaye aghalabu hana hata baiskeli. Kuajiri dereva wa pili hakuhitaji msamaha wa Bunge lolote.