Usukani Ulio Miguuni



Wapenzi wasomaji, mnisamehe kwa kutoonekana katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita. Nilikuwa safarini Lodwar, huko Turkana, kumtazama binti yangu aliyejifungua. Mume wake ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini humo. Nilitaraji kurudi Mombasa na habari za joto, mchanga na mto Turkwel. Badala yake nimerudi na habari ya ndege. Wala si ndege iliyo angani, bali ndege iliyo chini, ikitembea kwa magurudumu.

Mjukuu wangu wa kwanza ni msichana wa miaka 14. Ana kompyuta kuukuu aliyoachiwa na ami yake, na ndani yake mna programu ya kuigiza urubani iitwayo FlightGear, ambayo hutolewa bila malipo. Kila alasiri, akisha kuswali na kumsaidia mama yake kazi za nyumbani, huketi mbele ya kompyuta ile, ameshika kijiti cha kuongozea waitacho jostiki. Siku yangu ya tatu pale, mkwe wangu aliniita barazani, akanena kwa adabu: "Mama, wewe ndiwe mkubwa wetu. Huyu mtoto amezama katika mchezo. Nimeazimia kuiuza kompyuta hii, lakini napenda asikie kwako kwanza."

Nilimjibu kuwa nitasema naye, ila sitalihukumu jambo nisiloliona. Basi alasiri ile nikaketi kando ya mjukuu wangu nikatazama.

Alikuwa ameiweka ndege ndogo ya watu wanne, aina ya Cessna 172, katika uwanja wa Lodwar. Nia yake ilikuwa kuirusha hadi Kakuma, mwendo wa nusu saa hivi angani. Lakini ndege haikufika hata mwanzo wa njia ya kurukia. Aliipa moto, ikaanza kwenda, ikavuta upande wa kushoto. Akakilaza kijiti upande wa kulia kwa nguvu, nayo isisikie. Ikatoka katika lami ikaingia mchangani. Akaanza upya, ikawa vile vile. Mara ya tatu alikiweka kijiti mezani, akasema kwa sauti ndogo: "Bibi, huenda Baba asema kweli. Kama hata kutembea chini siwezi, nitarukaje?"

Maneno yale yalinichoma. Ilikuwa rahisi kwangu kusema, "Basi, mwanangu, iache," na kazi niliyotumwa na baba yake ingekuwa imekwisha. Lakini mimi ni mtoto wa baharia. Marehemu baba yangu, Mola amrehemu, alipanda majahazi tangu ujana wake, na mambo ya usukani niliyasikia kabla sijajua kusoma. Nikamwuliza: "Usukani wa chombo hiki uko wapi?" Akaonyesha kijiti. Nikamwuliza: "Na wa jahazi?" Akasema: "Nyuma, kwenye tezi." Nikamwambia: "Basi itazame ndege yako kwa nyuma."

Tukafungua kitabu cha maelezo kilichokuja na programu, tukakisoma pamoja, yeye akinifasiria Kiingereza. Mambo tuliyoyakuta humo nayaeleza hapa, kwa kuwa najua nyumba nyingi za pwani zina vijana wenye michezo kama hii.

Ndege ina usukani mkiani, ule ubao uliosimama wima nyuma kabisa, nao ni ndugu wa usukani wa jahazi. Hauongozwi kwa mikono. Huongozwa kwa pedali mbili zilizo chini ya miguu ya rubani. Kijiti kile, au gurudumu la mkononi kwa ndege nyingine, kikilazwa upande hugeuza vipande vilivyo pembezoni mwa mabawa, vinavyoilaza ndege ubavu ikiwa angani. Chini, vipande hivyo haviigeuzi ndege njia. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuona gari likiendeshwa hukizungusha cha mkononi hadi achoke, na ndege ikaenda ipendako.

Kuna jambo la pili, ambalo kila nahodha analijua: chombo kisicho na mwendo hakisikii usukani. Maji yasipopita, ubao ule hauna la kushika. Na ndege ni hivyo hivyo. Ikienda polepole, upepo upitao mkiani ni mchache. Kwa sababu hiyo pedali zile zile zimeunganishwa pia na gurudumu la mbele. Katika Cessna 172, kwa pedali peke yake gurudumu hilo hugeuka nyuzi 10 hivi kila upande. Rubani akitaka kona kali zaidi, huongeza breki ya upande mmoja, kwani kila gurudumu kuu lina breki yake, nalo la mbele laweza kufika nyuzi 30. Mwendo unapoongezeka ili ndege iruke, kazi huhama kidogo kidogo kutoka gurudumuni kwenda mkiani, na mguu wa rubani husikia mabadiliko hayo. Ndege kubwa za abiria zina zaidi ya hapo: rubani mkuu ana kigurudumu kidogo mkono wa kushoto kwa ajili ya kona za uwanjani. Ningekiita kana, kwa jina la ule mti unaoshikwa na mwenye usukani wa chombo.

Kwa nini basi ndege ya mtoto yule ilivuta kushoto? Pangaboi la mbele huzunguka upande mmoja, na nguvu zake huivuta pua ya ndege kushoto, hasa moto ukiwa mkubwa. Dawa yake ni kukanyaga pedali ya kulia kwa kiasi, na kupunguza moto.

Mjukuu wangu hana pedali, na jostiki yake ni ya bei nafuu, haizunguki kwenye shina lake kama zile zinazofanya kazi ya pedali. Tukakuta kuwa katika programu ile vibonye viwili vya kibodi, cha sifuri na cha Enta vilivyo upande wa tarakimu, hufanya kazi ya miguu. Na vibonye vya koma na nukta ni breki ya kushoto na ya kulia. Akajaribu tena, polepole, mwendo wa mtu atembeaye. Ndege ikaenda ikiyumba kama mlevi, lakini haikutoka katika lami. Sikumwona akifurahi vile tangu nifike.

Siku ya Jumamosi tulikwenda Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kwa barabara kuelekea kaskazini magharibi, kutoa mkono wa taazia kwa jamaa wa Kisomali walio jirani za mkwe wangu. Kakuma wengi wenu mwaijua kwa kambi yake ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Kwa watu wa huko, ndege si anasa. Ndege za misaada za Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi huleta wahudumu wa kambi. Tulipokuwa tukirudi, moja ilikuwa imetua. Mkwe wangu akasimamisha gari tukatazama kwa mbali.

Upepo ulikuwa mkali wa kusini mashariki, ule upitao baina ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ambao upande wa pili wa Ziwa Turkana huzungusha mitambo 365 ya umeme. Ndege ilikuja kwa upole mno, ikafika mwisho wa njia, ikageuka. Mkwe wangu akasema: "Mbona aenda kama mwenye kuhesabu hatua?" Binti yake akamjibu, bila ya kuringa, kwamba mkia wa ndege ni kama tanga, upepo wa ubavuni huusukuma, na pua hutaka kuelekea kule utokako. Rubani huzuia kwa miguu. Na mikono nayo haikai bure: upepo ukitoka mbele kwa upande, hukilaza kijiti kule utokako ili bawa lisinyanyuke, ukitoka nyuma, hukilaza upande wa pili. Baba yake alimtazama kwa muda. Kisha akauliza swali jingine, na jingine. Njia nzima hadi Lodwar walikuwa wakizungumza wao wawili.

Usiku ule nilimweleza mkwe wangu jambo ambalo sikupata kumweleza mtu. Mama wa mtoto huyu, alipokuwa na umri kama huo, alikuwa akifungua redio zetu na kuzifunga. Nilimkataza. Nilimwambia si kazi ya mwanamke, nikaifungia bisibisi kabatini. Hakugombana nami; aliacha tu. Leo ni mama mwema, alhamdulillahi, lakini sijui nilichokifungia mle kabatini pamoja na ile bisibisi. Sikutaka mkwe wangu aje kujiuliza kama nijiulizavyo mimi.

Hakusema kuwa hatauza. Alisema kompyuta itabaki hadi mtihani upite, saa moja Jumamosi na saa moja Jumapili, baada ya masomo. Nimeona ni uamuzi wa haki.

Kwa wazazi wenye watoto wa namna hii nina maneno machache. Programu nyingi za aina hii zina msaada unaounganisha kijiti na usukani wa mkiani, hata mtoto akawa anageuza ndege chini kwa mkono. Kwa siku za mwanzo si vibaya, lakini ukikaa sana humfundisha mazoea ambayo ndege ya kweli haiyajui. Mwambieni auondoe. Mwambieni pia aanze kwa kutembea chini, toka alipoegesha hadi mwanzo wa njia na kurudi, kabla ya kuruka. Na ajue kuwa saa za kompyuta ya nyumbani hazihesabiwi katika leseni. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani binafsi haipatikani kabla ya miaka 17. Njia ni ndefu, lakini wapo waliopita: Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787.

Wala tusidharau mwendo wa chini. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu. Moja ilikuwa imeanza kukimbia ili iruke pasipo kuruhusiwa. Ya pili ilikuwa bado ikitembea katika njia ile ile. Watu 583 walikufa, na mgongano ulikuwa pale pale chini.

Jana mjukuu wangu alinipigia simu. Amefika Kakuma, yaani katika kompyuta. Nikampongeza kwa kutua. Akacheka, akasema: "La, Bibi, kutua niliharibu. Lakini baada ya kutua niligeuka vizuri, nikaegesha."

Nami nikamwambia: hapo ndipo pa kuanzia.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.