Daftari la Siku Kumi

Rais wa nchi yangu hajawahi kuniandikia barua, wala sikuitarajia. Mwenyekiti wa kitongoji ameniandikia tatu. Ya kwanza niliipeleka polisi nilipomwekea dhamana mpwa wangu. Ya pili ilikuwa ya kufungulia akaunti benki. Ya tatu ilimtambulisha binti yangu alipoomba kitambulisho cha taifa. Bila karatasi hizo zenye mhuri ningekuwa mtu asiyejulikana. Hata hivyo, unapofika uchaguzi wa Rais, hapa kwetu Nyabibuye watu hubishana hadi usiku wa manane. Unapofika uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji, watu huenda shamba.

Nasema bila kumung'unya maneno: tumekosea. Na waliotuwekea utaratibu huo nao wamekosea. Nitaanza na sisi, maana mkosoaji wa kweli huanzia nyumbani kwake.

Uandikishaji wa mwaka 2024 ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 27 Novemba. Nilipita kwa majirani nikiwakumbusha. Jibu lililonichosha kuliko yote lilikuwa hili: "Mwalimu, mimi nimeshajiandikisha, kadi hii hapa." Naye hutoa kadi ya mpiga kura, mpya kabisa, kwa kuwa uboreshaji wa Daftari la Kudumu ulizinduliwa hapa hapa mkoani Kigoma mwezi Julai mwaka huo huo. Mtu anaandikwa Julai, na Oktoba anaambiwa akaandikwe tena! Ilibidi nieleze mara nyingi kwamba kadi ile ni ya Tume ya Uchaguzi, nayo ni ya kumchagua Rais, Mbunge na Diwani. Uchaguzi wa kijiji na kitongoji una daftari lake, chini ya TAMISEMI. Jina lako lisipokuwamo humo, kadi yako ni pambo la mfukoni.

Wengine walielewa vizuri ila walipuuza. "Cheo gani hicho, mwenyekiti wa kitongoji?" Hawa ndio ninaogombana nao. Ndugu zangu, sisi tunaishi kwa ardhi: mihogo, maharage, migomba, kahawa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, msimamizi wa ardhi hiyo ni Halmashauri ya Kijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Waziri akiwa Dodoma hajui mpaka wa shamba lako unapita kwenye mti gani. Mwenyekiti anaujua. Akiwa mwaminifu, umepona. Akiwa mla rushwa, utauona mpaka wako ukitembea. Nimemwona mzee akilia barazani kwa sababu ya mpaka uliotembea. Nilipomuuliza kama alimchagua mwenyekiti huyo, alinijibu kwamba siku hiyo alikuwa akipalilia. Nilimhurumia, lakini sikuweza kumtetea.

Sasa niwageukie wakubwa. Mwezi Oktoba katika nyanda hizi ndiyo mvua zinaanza. Mkulima aliyengoja tangu Mei hawezi kuacha mbegu zikapitwa na mvua ili apange foleni. Siku kumi, tena katika majira hayo, ni sawa na kumwalika mtu karamuni wakati nyumba yake inavuja. Na kwa nini daftari mbili kwa raia mmoja, kijiji kile kile, mwaka ule ule? Orodha moja ingetosha, ikiwekwa wazi mwaka mzima katika ofisi ya kijiji.

Kuna jambo zito zaidi. Sisi Waha wa mpakani tunasema lugha iliyo karibu mno na Kirundi. Tangu wakimbizi walipomiminika baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwaka 1993, kila Muha anaweza kuulizwa uraia wake na kijana aliyeletwa juzi. Siku niliyokwenda kujiandikisha, mbele yangu alisimama mama ninayemfahamu tangu akiwa msichana. Karani alimsikiliza lafudhi, akamwuliza, "Wewe si Mrundi wewe?" Watu wakacheka. Yule mama hakubishana. Alijifunga kanga yake vizuri akarudi nyumbani. Mimi nilibaki kwenye foleni nikaandika jina langu. Nilipaswa kusema neno, sikusema. Aibu hiyo ninayo hadi leo, na ndiyo iliyonishikisha kalamu hii. Sifa zinazotakiwa ni uraia, umri wa miaka 18 na ukazi wa mahali hapo, lafudhi haimo. Shahidi wa ukazi ni jirani, na jirani nilikuwa mimi.

Kuna rafiki yangu msomi anayenicheka. "Unaandikisha watu kwa ajili gani, wakati matokeo yanajulikana?" Siwezi kumjibu kwa uongo. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na ushindi ukawa ule ule wa zaidi ya asilimia 98. Kisha uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 ukamwaga damu. Anayesema amekata tamaa ana sababu.

Lakini kukata tamaa hakumnyimi usingizi mwizi wa kura, kunampumzisha. Mwaka 2024 kanuni zilitaka hata mgombea aliyebaki peke yake apigiwe kura ya Ndiyo au Hapana. Hapana ni neno fupi, ila asiyeandikwa hawezi kulisema. Wala hana nguvu ya kuuliza, "Kura yangu iko wapi?" maana ataulizwa naye, "Kura gani?"

Mwaka 1972 nilikuwa mtoto Operesheni Kigoma ilipotushusha kutoka milimani, tukaacha migomba ya babu ikizaa bila mwenyewe. Hatukuulizwa. Mwaka huo huo serikali za mitaa vijijini zilifutwa nchini, na zilirudi katika miaka ya themanini, naye Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Nawaeleza vijana hayo ili wajue kwamba kuna wakati watu walihamishwa, na hapakuwa na daftari la kuandika jina wala sanduku la kusemea hapana.

Kwa utaratibu wa miaka mitano, uchaguzi ujao ni mwaka 2029. Nikiwa hai nitakwenda siku ya kwanza, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini sitakwenda peke yangu. Nitapita kwanza kwa yule mama, nibishe hodi, nimwombe radhi, tuongozane. Karani akiuliza tena swali lile, nitamjibu mimi.