Kulinganisha Vizigeu vya Vikundi

Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilizikusanya kaya vijijini, lakini mashamba na malisho mengi yalibaki mbali. Hata leo, katika nyanda hizi za kati, swali la umbali wa mtoto na shule halijaisha, na jibu lake laweza kuamua mahali pa kujenga shule shikizi. Kwa hiyo twasikitika tunapoona wanafunzi wetu wa ualimu wakilijibu vibaya kwa chombo kizuri.

Chombo hicho ni urejeo wa lojistiki, upimao jambo lenye majibu mawili: mtoto amemaliza mwaka wa masomo, au ameacha. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika kata moja, watoto 300 wakaa karibu na shule, na 240 wamemaliza. 300 wakaa mbali, na 180 wamemaliza. 12 ni wa kambi za mifugo, na 8 wamemaliza. Mwanafunzi awafanya hao 12 kuwa kikundi rejea, pengine kwa sababu tu kompyuta imewatanguliza. Kizigeu cha walio karibu chatoka 0.69, kosa sanifu 0.63, cha walio mbali −0.29, kosa sanifu 0.62. Hakuna kinachotofautiana na sifuri kwa uzito wa kitakwimu. Basi aandika kwamba umbali si kitu.

Ajabu iliyoje! Kati ya walio karibu, wanne humaliza kwa kila mmoja aachaye. Kati ya walio mbali, watatu kwa kila wawili. Vizigeu vile vilijibu swali jingine, la kulinganishwa na watoto 12, na uchache wao ndio uliokuza makosa yote mawili. Tukitoa kizigeu kimoja katika kingine twapata 0.98. Kosa litokanalo na wale 12, kwa kuwa limo katika vyote viwili, lajifuta. Kosa sanifu la tofauti ni 0.19 tu. Ajumlishaye miraba ya makosa mawili akaisahau sehemu hiyo ya pamoja atapata karibu 0.9, na kupotea mara ya pili.

Njia nyepesi ni kuwafanya walio karibu kuwa kikundi rejea, kisha kukokotoa upya. Makadirio kwa kila mtoto hayabadiliki hata kidogo. Ama wale 12, mwanafunzi asiwatupe. Aende kambini kiangazi, akawatafute wenzao.