Koltani ina ushahidi, nani atausoma?

Tangu Januari 2024, Waziri wa Madini wa wakati huo, Bw Salim Mvurya, alipotangaza kuwa koltani imepatikana Embu na katika kaunti nyingine kadhaa, mjadala wetu umekuwa juu ya utajiri tu. Aghalabu hatuulizi tutamthibitishiaje mnunuzi kwamba mzigo ni wetu na wala si wa magendo.

Malori yaendayo Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo hupita katika mji huu wa Eldoret, hivyo ya huko si ya mbali nasi. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, huko Masisi, penye machimbo makubwa ya koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti baadaye mwaka huo kuwa shehena za huko zilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na za nchi hiyo. Kigali hukanusha tuhuma za magendo. Je, jiwe lenyewe laweza kuulizwa?

Laweza, kwa kiasi. Atomu za elementi moja huweza kutofautiana kwa uzito. Hizo ndizo isotopu. Koltani inapoganda ardhini hunasa urani kidogo, na risasi ni kama haimo. Kisha urani hiyo hugeuka risasi polepole mno: nusu ya ile yenye uzito wa 238 huchukua takriban miaka bilioni 4.5. Mtaalamu akipima uwiano wa isotopu hizo huujua umri wa jiwe. (Neno risasi tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana zake mbili, metali na kitu cha bunduki. Watu wa Masisi hawahitaji kufundishwa hiyo ya pili.)

Koltani ya Ghana ina umri wa takriban miaka bilioni 2. Ya Msumbiji haifiki milioni 600. Ya Kivu na Rwanda yakaribia bilioni 1. Anayeuza mzigo wa Kivu kwa jina la Msumbiji ataumbuka upesi. Lakini Kivu na Rwanda zimo katika ukanda mmoja wa miamba, na umri pekee hauzitenganishi. Sisi wanaisimu twalijua tatizo hili: kusema neno fulani ni la Kibantu si kazi, ila kuamua kama limetoka Kinyarwanda au Kirundi ni kazi nyingine kabisa.

Ndiyo maana taasisi ya jiolojia ya serikali ya Ujerumani, BGR, iliyoanza utafiti huu mwaka 2006, hupima pia elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana, kisha hulinganisha na sampuli za machimbo yanayojulikana. Hata hivyo, shehena zikichanganywa kazi huwa ngumu, na mtapo ukishayeyushwa ushahidi hupotea. Wala isotopu haisemi ni nani aliyechimba, au alilipwa nini.

Bila sampuli za kulinganishia, mashine haina la kusema. Wizara basi ikusanye za kila shimo la Embu na kwingineko sasa, kabla biashara haijapamba moto, na wanaotumwa wawe wanafunzi wa jiolojia wa vyuo vyetu, tusije tukangoja kuambiwa na Hannover koltani yetu ni ipi.