Uani Pabaki Udongo

Mvua ya milimita 50 haimshangazi mkazi wa Dar es Salaam. Wakati wa masika hunyesha ikakatika, na mchana watu wakaendelea na shughuli zao. Lakini ikiangukia kiwanja cha mita 20 kwa 20, kipimo wanachokitaja madalali kila siku, inaleta lita 20,000 za maji, sawa na simtanki 10 za lita 2,000. Mtaa wenye nyumba 50 za namna hiyo unapokea lita milioni moja. Zamani sehemu nzuri ya maji hayo ilizama uani, chini ya mwembe. Siku hizi uani pamepigwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, na chini ya geti limepitishwa bomba la plastiki la kuyatoa barabarani. Yakishavuka geti, mwenye nyumba anahesabu kuwa shida imekwisha.

Imehamia kwa jirani wa chini.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Njiani unapokea maji ya kila mtaa uliokosa pa kuyazamisha. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na waliopoteza makazi mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Barabara ya Jangwani imefungwa mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, likiwemo daraja jipya la Jangwani. Ni kazi inayostahili pongezi, ila daraja huyapandisha magari juu ya maji. Maji yenyewe yanatoka Tabata, Segerea, Kinyerezi na Gongo la Mboto, kiwanja baada ya kiwanja.

Kwa hiyo wito unawahusu zaidi wale wasiopakana na mto: wenye nyumba walio mwinukoni, wapangaji wao, mafundi, na viongozi wa serikali za mitaa wanaodhani mafuriko ni habari ya watu wa mabondeni.

Udongo ukifunikwa, joto nalo halina pa kwenda. Hapa nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ilala inafaa kutazamwa upya. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati kutoka barazani hadi uani. Mlango wa mbele na wa nyuma ukiachwa wazi, upepo ulipita bila kizuizi, uwe wa kaskazi au wa kusi. Paa la mgongo wa tembo lilitoa upenu uliofunika baraza na kuukinga ukuta na jua. Haikuwa nyumba ya peponi: vyumba vilikuwa na giza, na foleni ya choo asubuhi ilimaliza uvumilivu wa wapangaji. Lakini aliyeijenga alijua upepo unatokea wapi.

Nyumba inayosifiwa sasa imelificha paa lake nyuma ya ukuta. Upenu hakuna. Jua la saa tisa alasiri linapiga tofali la saruji waziwazi, na tofali likishameza joto mchana kutwa, huja kulitema usiku, chumbani. Dirisha ni la aluminiamu la kuteleza, ambalo kwa umbo lake hufunguka nusu tu. Mwenye nyumba amelipia dirisha zima akapata nusu ya upepo. Inawashwa feni, baadaye inanunuliwa kiyoyozi, kisha uniti za LUKU zinalalamikiwa hadi mwisho wa mwezi. Fundi hana lawama peke yake, kwa kuwa anajenga picha aliyoonyeshwa kwenye simu. Mteja angemwambia mapema aongeze upenu, madirisha yatazamane na juu ya milango yawekwe matofali ya matundu, angejengewa hivyo hivyo, na gharama isingemtisha aliyeweza kununua dari la jipsamu.

Wapo wanaosema wamechelewa, ardhi yao ni kifusi kitupu na mti hauwezi kushika. Waangalie Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa yameacha jiwe la matumbawe likiwa uchi, bila udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Aina nyingi zilikufa, mvinje ukashika. Tatizo likawa majani yake, yaliyorundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo. Wadudu wale ambao watoto huwachokoza wajikunje waliyatafuna majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na leo mahali hapo ni msitu wenye viboko na twiga. Ua wa Mbagala hauwezi kuwa mgumu kuliko machimbo.

Na wapo wanaosema watu wa kawaida hawana nguvu mbele ya wenye fedha. Mwaka 1989 bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi, ilitakiwa kujengwa jengo la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai alipinga, akatukanwa bungeni, na jengo halikujengwa. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa umeanza kugawanywa viwanja. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Karura bado ni msitu.

Dar es Salaam haihitaji mtu kupigwa ili ipate kivuli. Mikutano ya mitaa na iitishwe mwezi Februari, kabla masika hayajaanza Machi, na ajenda iwe viwanja vya wazi vilivyobaki, nani anavinyemelea, na miche itapandwa wapi. Wananchi waulize kwa sauti kuhusu mita 60 za kingo za mito, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Msikiti, kanisa na shule vina viwanja vikubwa kuliko nyumba yoyote ya mtaa, hivyo vitangulie. Anayejenga afunge gata na simtanki kabla ya kununua pevingi.

Aliyekwisha kuipiga naye ana pa kuanzia. Vitofali vingi vimelazwa juu ya mchanga, havikugandishwa kwa zege, na Jumamosi moja inatosha kung'oa mistari mitatu kando ya ukuta wa uzio. Udongo wa chini ulishindiliwa, kwa hiyo utifuliwe kwa sururu na kuchanganywa na samadi. Mwarobaini au mwembe utafutiwe nafasi pana upande wa magharibi, mbali na msingi na shimo la choo. Vitofali vilivyong'olewa vitatosha kujengea kingo za bustani.